Mkono Mmoja, Katuni Mbili za Ubeberu

Watoto wa Kiafrika wanaosoma sekondari Houston, Dallas na Fort Worth wakifika kwenye mada ya ubeberu, huenda wakakutana na katuni ya Cecil Rhodes, beberu wa Kiingereza: jitu lililosimama juu ya Afrika, mguu mmoja Cairo, mwingine Cape Town, bunduki begani, waya wa telegrafu mikononi. Edward Linley Sambourne aliichora katuni hiyo katika jarida la Punch la London, Desemba 10, 1892.

Kusema Rhodes alikuwa na tamaa hakutoshi. Mwanafunzi atazame chini ya buti: hakuna mtu, hakuna mji, hakuna shamba. Bara zima limekuwa sakafu.

Novemba 28, 1906, Sambourne yuleyule, katika Punch ileile, alimchora Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akiwa joka la mpira lililomzonga Mkongo. Safari hii anayeumizwa anaonekana, na nyuma yake mama anakimbia na mtoto. Familia nyingi za Wakongo zilizohamia Texas zina haki ya kuiona picha hii kuwa habari yao. Kelele za dunia dhidi ya ukatili wa kuvuna mpira Kongo zilizidi, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji nchi hiyo aliyoifanya mali yake.

Kwa nini Rhodes awe jitu na Leopold awe joka? Rhodes alikuwa Mwingereza mwenzao wachoraji na wasomaji wa Punch. Oktoba 1905, mwaka mmoja tu kabla ya joka lile, Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi wa Kenya, aliyekuja kuzungumza amani. Nyani haoni kundule.

Marekani nayo imo. Katika jarida la Puck la Januari 25, 1899, Louis Dalrymple alimchora Uncle Sam, mzee anayewakilisha Marekani, akiwa mwalimu, na Ufilipino, Hawaii, Puerto Rico na Cuba wakiwa wanafunzi wapya walionuna. Nyuma yao Texas anasoma kwa utulivu, huku mtu mweusi akisafisha dirisha.

Kwa hiyo mtoto aulize: nani amechora, akiwachorea akina nani, na dhambi ya nani imeachwa? Mzazi anayezijua habari za Koitalel au za mpira wa Kongo asisubiri mwalimu. Akae na mwanawe, wafungue kitabu, amsimulie.