KOSA LA NASIBU NA KOSA LA MWELEMEO

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa taarifa za utafiti wa afya ni neno la Kiingereza bias. Mara nyingi hufasiriwa kuwa "upendeleo". Tafsiri hiyo yaeleweka upesi, lakini ina hatari. Katika Kiswahili upendeleo ni tendo la mtu: mkuu wa kazi humpendelea nduguye, mwalimu humpendelea mwanafunzi wake. Ofisa wa wilaya asomaye kwamba utafiti fulani "ulikuwa na upendeleo" atadhani watafiti hawakuwa waaminifu, na huenda akaitupa taarifa yenye manufaa. Kumbe mwandishi alikusudia kusema kwamba njia ya kupima iliyapeleka majibu upande mmoja, pasipo mtu yeyote kutaka iwe hivyo.

Tutazame mizani ya korosho, chombo kijulikanacho sana Masasi na Newala. Mizani ikiwa nzima, ila mshale wake watetemeka, kipimo kimoja kitazidi kidogo na kingine kitapungua. Gunia likipimwa mara nyingi na wastani ukachukuliwa, makosa hayo hufutana. Hilo ndilo kosa la nasibu. Lakini mizani ikiwa inapunguza kilo mbili kila inapopima, kurudia mara mia hakumsaidii mkulima. Wastani utakuwa imara, na utakuwa wa uongo. Kosa hili la pili napendekeza liitwe kosa la mwelemeo, kutokana na kuelemea, kama shehena inavyoelemea upande mmoja wa mashua. Neno hilo halimshtaki mtu. Tena linakaribiana na asili ya neno la Kiingereza, lililotoka katika Kifaransa likiwa na maana ya mshazari.

Kutokana na mfano huo yafuata jambo ambalo wasomaji wengi wa takwimu hulisahau: kuongeza idadi ya watu wanaochunguzwa hupunguza kosa la nasibu tu. Mwelemeo haupungui hata kidogo.

Mfano mwingine wapatikana katika uwanda wa juu wa Makonde wenyewe. Mwaka 1952 na 1953 ulizuka huko ugonjwa wa homa kali na maumivu makubwa ya viungo. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliueleza katika makala zilizochapishwa mwaka 1955, na R. W. Ross akavitenga virusi vyake kutokana na mlipuko huo wa Newala. Kwa dalili peke yake, tabibu angaliweza kuuhesabu kuwa homa ya dengi, kwani magonjwa hayo mawili yanafanana mno. Wenyeji waliuita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi ulivyompinda mgonjwa. (Vitabu vingi vya kigeni vimeandika kwamba neno hilo ni la Kiswahili, na kila mwandishi amenakili kwa mwenzake. Wingi wa vitabu haukulisahihisha kosa, kama ule upimaji wa mara mia.)

Kwa nini jina lina uzito katika utafiti? Mwaka 1870 Unguja ilikumbwa na ugonjwa ulioitwa kidinga pepo, ambao daktari James Christie aliueleza kwa maandishi. Wazee wa mji walikumbuka ugonjwa wa namna hiyo hiyo miaka kama hamsini kabla yake. Wataalamu wa baadaye waliingiza habari hizo katika historia ya dengi, hata mwaka 1971 D. E. Carey alipotoa hoja kwamba maumivu ya viungo yaliyoelezwa yanaelekea zaidi kuwa ya chikungunya. Hoja hiyo ikiwa sahihi, basi kila anayehesabu milipuko ya karne ya 19 kwa kufuata jina huongeza hesabu ya ugonjwa mmoja na kupunguza ya mwingine, daima kwa upande ule ule. Huo ni mwelemeo wa uainishaji. Nasi leo twatumia kidingapopo kwa maana ya dengi!

Kosa la namna hiyo lina gharama ya maisha. Utafiti uliofanyika katika hospitali za kaskazini mashariki ya Tanzania, ukachapishwa mwaka 2004, uliwachunguza wagonjwa zaidi ya 4,400 waliolazwa kwa malaria kali. Chini ya nusu yao walikutwa na vimelea vya malaria katika damu. Waliosalia walikuwa na maradhi mengine, na wengi wao walikosa dawa iliyowafaa.

Kuna mwelemeo mwingine, utokanao na jinsi watu wanavyopatikana. Anayehesabu wagonjwa kwa daftari la hospitali humwacha nje yule aliyeshindwa kufika. Kuepuka mambo ya jinsi hiyo, watafiti walioanza mwaka 2005 kuchunguza dawa ya kukinga malaria kwa watoto wachanga, Newala ikiwa miongoni mwa wilaya zao tano, walizigawa tarafa 24 kwa nasibu, nusu zianze kupewa dawa na nusu zisubiri.

Wengine huuita mwelemeo huu "upendeleo wa uchaguzi". Msomaji wa Tanzania atafikiri habari za masanduku ya kura. Mwelemeo wa uteuzi wafaa zaidi. Na pale mama anapoulizwa homa za mwanawe za mwaka uliopita, tuseme mwelemeo wa kumbukumbu.