Wastani wa magunia 8 na nusu, na kaya 17 zisizofika 5

Msikilizaji, tuseme kijijini kwenu kaya 40 zimelima mahindi msimu huu. Mkutanoni inasomwa taarifa: kila kaya imevuna wastani wa magunia 8 na nusu, kwa hiyo kijiji hakina njaa. Mama aliyevuna magunia 3 anajiuliza hayo 8 ni ya nani. Kijiji hiki ni cha mfano tu, lakini tukifanya hesabu yake tutamwona mama huyu yuko wapi.

Daftari lenye majina 40 na tarakimu 40 linachosha macho. Tuzipange kaya katika makundi ya magunia matano matano. Hapa wengi hukosea: huandika "0 hadi 5", halafu "5 hadi 10". Aliyevuna 5 kamili aingie wapi? Afadhali kila kundi lianze na 5, 10 au 15, na liishie chini ya linalofuata. Kisha pitia jina moja moja, ukipiga kijistari kwenye kundi lake. Tuseme tumepata hivi:

Chini ya 5: kaya 17
5 hadi chini ya 10: kaya 11
10 hadi chini ya 15: kaya 5
15 hadi chini ya 20: kaya 3
20 hadi chini ya 25: kaya 2
25 hadi chini ya 30: kaya 2

Sasa chora. Mstari wa chini uandike magunia, 0, 5, 10 hadi 30. Mstari wa kusimama uandike idadi ya kaya. Juu ya kila kundi simamisha nguzo, na nguzo zigusane, maana kati ya gunia 4 na nusu na gunia 5 hakuna shimo. Mchoro huu unaitwa histogramu, jina lililoletwa na Karl Pearson wa Uingereza miaka ya 1890. Utaona nguzo ndefu upande wa kushoto, kisha zinashuka na kuacha mkia mrefu kulia. Mama wetu yumo kwenye nguzo ndefu kuliko zote.

Na ule wastani ulitoka wapi? Ukiwa na makundi tu, chukua katikati ya kila kundi: 2.5, 7.5, 12.5 na kuendelea. Zidisha kwa idadi ya kaya zake, jumlisha zote, utapata magunia 340. Gawanya kwa 40: ni 8.5. Ni makadirio, kwani si kila kaya ya kundi la kwanza ilipata 2.5, lakini hayakosei sana.

Sasa zipange kaya kwenye foleni, kuanzia aliyevuna kidogo. Kaya 17 za kwanza zinaisha kabla ya 5. Ya 20 na ya 21 zinaangukia mwanzoni mwa kundi la pili, kama magunia 6 hivi. Hicho ndicho kipimo cha kaya ya katikati, na kinafanana zaidi na maisha ya wengi pale.

Angalia pia upana wa makundi. Mtu akichora nguzo mbili tu, chini ya 15 na kuanzia 15, atapata kaya 33 na 7, na wale 17 hawaonekani tena. Mimi ningeukataa mchoro huo.

Jaribu jambo moja la mwisho. Zile kaya mbili za juu zikivuna mara mbili ya zilivyovuna, wastani unapanda hadi karibu magunia 10. Kaya ya katikati inabaki palepale kwenye 6, na ghalani kwa mama hakujaongezeka hata debe moja.