Jenetiki: Kutambua Jeni Zinazohusika na Misuli ya Nguruwe

Swali. Mfugaji wa Ruangwa ana dume na jike la nguruwe, wote wawili wazima. Watoto wao kadhaa wamejaa misuli na wana mafuta machache. Siku ya kupakiwa garini kwenda Lindi, mmoja alikakamaa, akahema kwa nguvu, akafa. Eleza jinsi kifo hicho kinavyoweza kuwa cha kurithi, na jinsi jeni inayohusika ilivyotambuliwa.

Maelezo. Nguruwe ana kromosomu 38, yaani jozi 19, zenye maelfu ya jeni. Mtafiti huanza na *jeni tarajiwa*: jeni inayodhaniwa kuathiri sifa fulani, lakini bado haijathibitishwa. Ni kama wewe mtahiniwa: kusajiliwa siyo kufaulu.

Hatua

1. Pima sifa: uzito wa mzoga, unene wa mafuta ya mgongoni, ukubwa wa msuli, rangi ya nyama.
2. Teua jeni ambayo kazi yake mwilini inahusiana na sifa hiyo, au iliyo katika sehemu ya kromosomu inayorithiwa pamoja nayo.
3. Linganisha DNA ya wanyama wenye sifa na wasio nayo.
4. Hakiki katika koo nyingi kama tofauti iliyoonekana hufuatana na sifa.

Mfano halisi. Jeni RYR1, iliyo kwenye kromosomu ya 6, hutengeneza protini inayoruhusu kalsiamu kutoka ghalani mwake ndani ya seli ili msuli ukaze. Mwaka 1991 watafiti wa Kanada walionyesha kuwa herufi moja ya DNA, C, ikigeuka T, asidi amino ya 615 hubadilika kutoka arginini kuwa sisteini. Nguruwe mwenye aleli mbili za namna hiyo akisumbuliwa na joto au safari, kalsiamu hufurika, misuli hukakamaa na mwili huchemka. Nyama yake hupauka, hulegea na kuvuja maji. Lakini aleli hiyohiyo huongeza nyama isiyo na mafuta. Wafugaji waliochagua misuli mikubwa waliieneza bila kujua.

Jibu. Aleli ya kawaida, N, ni tawala. Yenye kasoro, n, ni fiche.

Nn × Nn → 1 NN : 2 Nn : 1 nn

Katika watoto 12, watarajiwa 3 kuwa nn. Wazazi Nn huonekana wazima, hivyo macho hayatoshi. Kipimo cha DNA ya damu au manyoya huwabaini. Mfugaji akitumia dume NN, hatapata mtoto nn hata mmoja.

Makosa ya kuepuka

- Kuandika kwamba jeni moja huamua misuli yote. Zipo nyingine, kwa mfano IGF2, na lishe pia ina nafasi yake: nguruwe anayeshindia pumba tupu hatajaza misuli hata akiwa na jeni nzuri.
- Kudai kifo kimoja kinathibitisha urithi. Joto kali au homa ya nguruwe pia huua. Andika "inawezekana", kisha taja kipimo.