Kiu ya Ethiopia ya bahari ni mtihani kwa Kenya

MIONGONI mwa majirani wa kaskazini, Ethiopia ndiyo ambayo serikali za Nairobi, kuanzia ile ya Mzee Jomo Kenyatta, zimeihesabu kuwa rafiki wa kutegemewa. Urafiki huo sasa umo mizanini. Nchi hizi mbili hazijakosana, lakini Ethiopia imebadilisha namna inavyoutazama ulimwengu, nayo Kenya inalazimika kujiuliza nafasi yake ni ipi.

Kiini cha badiliko hilo ni bahari. Mnamo Oktoba 2023, Waziri Mkuu Abiy Ahmed alitangaza hadharani kwamba kuifikia Bahari ya Shamu ni jambo linalogusa uhai wa taifa lake, ambalo lina zaidi ya watu milioni 120 na halina hata shubiri moja ya pwani.

Haikuwa hivyo daima. Eritrea ilipojipatia uhuru mwaka 1993, iliondoka na bandari za Assab na Massawa. Kwa miaka michache Ethiopia iliendelea kuitumia Assab, hadi vita vya mpakani vya 1998 hadi 2000 vilipofunga njia hiyo. Tangu hapo karibu shehena yake yote imekuwa ikipitia Djibouti.

Utawala wa Meles Zenawi uliikubali hali hiyo. Sera ya mashauri ya kigeni iliyotolewa mwaka 2002 ilisema kwamba hatari kubwa zaidi kwa Ethiopia ilikuwa ndani ya nchi: umaskini na utawala mbaya. Kwa mtazamo huo, bandari ilikuwa huduma ya kununuliwa kama huduma nyingine yoyote. Ethiopia haikusita kutumia nguvu, kwani iliingiza majeshi Somalia mwaka 2006, lakini bahari haikuwa sababu.

Bw Abiy alianza kwa njia ya amani. Mwaka 2018 alipatana na Rais Isaias Afwerki wa Eritrea, na mwaka uliofuata akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Vita vya Tigray vilipozuka Novemba 2020, majeshi ya Eritrea yalipigana upande wake. Mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022 ulimaliza vita hivyo bila kuihusisha Eritrea, na maelewano ya Addis Ababa na Asmara yakaanza kuyeyuka.

Januari 1, 2024, Ethiopia ilitia saini hati ya maelewano na Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru kutoka Somalia mwaka 1991. Kwa mujibu wa viongozi wa Somaliland, Ethiopia ingekodishiwa sehemu ya pwani ya Ghuba ya Aden, kisha ilitambue eneo hilo kuwa taifa. Somalia ilikasirika, ikaibatilisha hati hiyo kwa sheria, na Agosti mwaka huo ikafunga mkataba wa kijeshi na Misri, hasimu wa Ethiopia katika suala la maji ya Mto Nile.

Hapo ndipo Kenya ilipojikuta njia panda.

Urafiki wa Nairobi na Addis Ababa ulijengwa juu ya hofu ya pamoja. Wakati wa uhuru, Somalia ilidai eneo la kaskazini mashariki mwa Kenya pamoja na Ogaden iliyo Ethiopia. Mzee Kenyatta na Mfalme Haile Selassie wakafunga mkataba wa kusaidiana kiulinzi. Mkataba huo ulidumu hata baada ya mfalme kupinduliwa mwaka 1974 na utawala wa Kimaksi kushika hatamu. Somalia ilipoivamia Ogaden mwaka 1977, Kenya haikuwa na shaka isimame upande gani.

Hofu hiyo imepungua. Dola ya Somalia ilisambaratika mwaka 1991, na mnamo Machi 2024 nchi hiyo ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikawa mshirika wa Kenya katika soko moja. Wanajeshi wa Kenya na wa Ethiopia kwa miaka mingi wamepigana na Al-Shabaab katika ardhi hiyo hiyo. Kwa hivyo, mzozo wa 2024 ulipotokota, Kenya haingeweza kuegemea upande mmoja jinsi ilivyofanya 1977. Ilichofanya ni kupendekeza mkataba wa kikanda wa kuziwezesha nchi zisizo na bahari kutumia bandari za jirani. Hata hivyo, makubaliano yaliyopoza joto hilo yalifikiwa Desemba 2024 jijini Ankara, chini ya Rais Recep Tayyip Erdogan wa Uturuki.

Kenya ina sababu ya kufuatilia jambo hili kwa makini. Mwezi Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Bw Meles na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua pamoja ujenzi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na nchi zao. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Barabara ya Isiolo hadi Moyale nayo ilishatiwa lami. Kilichokosekana ni shehena kubwa ya Ethiopia, ambayo bado hufuata njia ya Djibouti, iliyo karibu zaidi na Addis Ababa na yenye reli.

Lamu inaweza kuwafaa wafanyabiashara wa kusini mwa Ethiopia. Lakini haiwezi kuikata kiu ya Addis Ababa, kwa kuwa madai yake yamekwisha kupita suala la mizigo. Kenya inauza ruhusa ya kupita mlangoni. Ethiopia inataka mlango wake yenyewe, pamoja na jeshi la majini la kuulinda. Hilo Kenya haiwezi kuliuza.

Kuna funzo jingine katika maji. Ethiopia ilijenga bwawa la Gibe III katika Mto Omo, unaoleta sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Turkana, huku wavuvi na wafugaji wa upande wa Kenya wakihofia riziki zao. Serikali ya Kenya haikupaza sauti. Ilichagua kununua umeme, na mnamo Novemba 2022 ilianza kupokea megawati 200 kupitia waya wa zaidi ya kilomita 1,000 unaofika Suswa. Bwawa Kuu katika Nile lilifuata mkondo huo: Misri ililalamika, Ethiopia ikajenga, na Septemba 2025 likazinduliwa. Addis Ababa hutenda kwanza, hujadiliana baadaye.

Iwapo mtindo huo utahamishiwa Bahari ya Shamu, gharama haitaishia Assab. Wakimbizi wangeelekea Moyale na Kakuma, umeme na biashara vingetikisika, na uwekezaji wa Safaricom, iliyoanza kutoa huduma Ethiopia mwaka 2022, ungekuwa hatarini.

Kenya imejaribu kuwa rafiki wa wote. Busara hiyo hufaa majirani wanapozozana kwa maneno. Wakishika silaha, Nairobi itakumbuka kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba.