Nduma usiiharakishe jikoni

Jumamosi moja asubuhi mama mmoja aliingia mbio katika kliniki yangu, amembeba mvulana wa miaka minne aliyekuwa akilia huku ameshika koo. Midomo ilikuwa imevimba na mate yakimdondoka. Mama alishuku sumu ya panya. Nilipomuuliza walichokula, alisema ni nduma tu, ila gesi iliisha kabla hazijaiva vizuri.

Msomaji, nduma, ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita magimbi, zina chembechembe za kalsiamu oksaleti zilizochongoka kama sindano. Ukila nduma mbichi au nusu mbichi, sindano hizo hudunga ulimi na koo. Nilipohakikisha mtoto anapumua vyema, alisukutua kwa maji baridi, akanywa maziwa baridi na baada ya saa chache akarudi nyumbani. Usimtapishe mtu wa namna hiyo, maana koo litaumia mara ya pili. Akipumua kwa shida, mkimbize hospitali.

Basi zisugue udongo, uzichemshe na maganda yake, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa dakika 45 hadi saa nzima zikiwa nene. Uma upenye mpaka katikati bila kukwama. Maji hayo yamwage, usiyatilie mchuzi. Anayependa kuzimenya mbichi azimenye zikiwa kavu, mikono ameipaka mafuta ya kupikia, la sivyo atajikuna mchana kutwa. Gesi ikiwa haba, zikate vipande vidogo. Kabla ya kuwapakulia watoto, onja kidogo: ulimi ukiwasha, rudisha motoni.

Ukitoka sokoni usizioshe. Ziweke na udongo wake ndani ya kiondo, mahali pakavu penye kivuli na hewa, nazo zitakaa wiki moja hivi. Iliyoanza kulainika au kuota ukungu itupe. Zilizopikwa zifunike na uziweke kwenye friji, zisizidi siku tatu.

Mwenye kisukari ahesabu nduma kama wanga: ale badala ya mkate, wala si pamoja na mkate. Na wewe uliyewahi kuugua mawe ya figo, usizile kila siku, kwani mengi ya mawe hayo hutokana na oksaleti iyo hiyo. Siku unayokula, teremshia kwa glasi ya maziwa, kwa sababu kalsiamu yake huishika oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo. Chai ya rangi haitakusaidia. Nayo ina oksaleti yake.