PRESHA HAINGOJI KICHWA KIUME

Mara nyingi twasikia, Mwananyamala na hata Tandika, mtu akisema: "Presha yangu naijua, ikipanda kichwa huniuma, ndipo nimezapo kidonge." Ndugu huyo ajidanganya. Presha yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma po pote, huku ikiziharibu figo.

Figo huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu kila siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa uchafu kwa mkojo. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, vimishipa vyake vyembamba huumia na kukakamaa. Tena figo hizo hizo ndizo zipimazo chumvi na maji ya mwili. Zikidhoofika, chumvi hubaki, mishipa hubanwa, na presha huzidi kupanda. Hivyo kila ugonjwa huulea mwenziwe.

Uchunguzi uliofanywa Ilala na Hai mwaka 1996 na 1997 ulionyesha kuwa, kati ya watu watano wenye presha, hakupatikana hata mmoja kamili aliyejua kuwa anayo.

Muhimbili ilipandikiza figo mara ya kwanza Novemba 2017, nasi twajivunia. Lakini kupima presha, na kupima mkojo kama una protini, ni kazi ya dakika chache tu. Msimamizi amnyimaye mfanyakazi ruhusa ya asubuhi moja kwa jambo hili hatumwelewi. Naye mchukuzi mwenye presha asiache vidonge kwa kuwa hajisikii mgonjwa, wala asimeze diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo: dawa hiyo yaweza kuziumiza figo na kuipandisha presha.