Kisangani: Gari lainuliwa kwa ajili ya tope, usukani ndio unaolipa

Anayetoka Kisangani kwenda Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa kwa barabara ya kitaifa namba 4 anajua shida ya msimu wa mvua. Zikikaza, magurudumu ya kamioni huchimba mifereji mirefu msituni, na gari la chini hukalia tumbo. Ndiyo sababu wenye Land Cruiser huomba mafundi wainue sehemu ya mbele.

Kazi yenyewe inaonekana rahisi. Kwenye zile za zamani zenye resori za mabamba, fundi huongeza bamba, au hurefusha vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya resori. Zile za mfululizo wa 70 zilizotoka tangu 1999 zina resori zilizojiviringa mbele. Hizo hubadilishwa na kuwekwa ndefu zaidi. Gari linasimama juu, pineu kubwa zinaingia, mwenye gari anafurahi.

Ubaya wake ni kwamba ponti ya mbele, ule mhimili unaobeba magurudumu, haiinuki tu: inazunguka kidogo, hasa vile vyuma vikirefushwa. Gurudumu linapoteza mwinamo unaolirudisha lenyewe katikati baada ya kona. Shofere akilegeza mkono, gari linapepesuka. Tena, fimbo inayotoka kwenye boksi ya usukani, ambayo ilikuwa imelala, sasa inashuka kwa mteremko. Gurudumu likiingia shimoni, fimbo inavuta, na gari linageuka bila mtu kuligeuza. Katika tope, kwa mwendo wa polepole, hayo hayasikiki. Yanasikika kwenye kipande kizuri, shofere anapofidia saa alizopoteza, na mbele yake kuna baiskeli na pikipiki zenye bidon za mafuta ya mawese.

Fundi anayejua kazi hupachika kabari za chuma kati ya resori za mabamba na ponti ili kurudisha mwinamo ule. Asizidishe, kwani kabari nene huelekeza pua ya ponti chini, na misalaba ya kadani hufa mapema. Kisha hushusha mkono wa boksi ili fimbo ilale tena, na hupima paralelisimu. Kamba iliyonyooshwa vizuri inatosha.

Kuna kazi moja isiyo na utetezi: kukata fimbo ya usukani na kuichomelea ili ifike. Ni bei nafuu, kweli. Lakini ufa wa kuchomelea hujificha chini ya rangi na tope, na fimbo ikikatika magurudumu hayamsikii tena shofere. Magari haya hupakia mizigo, na juu ya mizigo watu.

Abiria mwenyewe anaweza kuangalia kabla ya kupanda. Gari likiwa limesimama, mtu mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, mwingine atazame rotuli chini: zikicheza kabla gurudumu halijasogea, safari isubiri.